Pumu, Pumzi, Pumzika

Kilo moja ya mchele, ndani ya mfuko wa kitambaa, iliwekwa juu ya kitovu changu. Nilikuwa nimelala chali mkekani, magoti nimeyakunja, macho yakiitazama feni ya dari iliyokuwa ikizunguka kivivu.

“Sasa usifanye chochote,” akasema yule dada. “Pumua kama unavyopumua siku zote. Mimi naangalia tu.”

Aliangalia kweli. Dakika tatu, nne hivi. Mchele haukupanda wala haukushuka. Kilichokuwa kikipanda ni mabega, pamoja na misuli miwili ya shingo ambayo, kila nilipovuta hewa, ilichomoza na kukaza kama kamba ya ndoo inayotolewa kisimani.

“Kaka, wewe unapumulia shingo,” akaniambia. “Ulianza lini?”

Nina pumu tangu nikiwa darasa la kwanza. Sikuwahi kufikiri kwamba kupumua vibaya ni kitu ambacho mtu hukianza siku fulani, kama kuvuta sigara.

Mwenyeji wangu ni muuguzi. Alifanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kwenda Bengaluru, India, kusomea tiba ya yoga, na sasa anapokea watu wachache kwa siku katika chumba kimoja cha ghorofani, Upanga, Dar es Salaam. Aliniomba nisimtaje jina. Nilikwenda kwake kama mwandishi, daftari mkononi, na maswali yangu nimeyapanga. Akasikia ninavyohema baada ya kupanda ngazi, akaniambia mwandishi angoje, aanze mgonjwa.

Saa nzima ya kwanza hakuna aliyekunja mguu. Aliniuliza ninalala ubavu gani. Nyumbani tunapikia gesi au mkaa? Nikicheka sana, nakohoa? Nani mwingine katika ukoo ana kifua? Chakula cha usiku nakula saa ngapi, na baada ya kula nakaa muda gani kabla ya kulala? Kisha akasema, “Dawa yako unayo? Hebu vuta nione.”

Nikatoa inhela mfukoni, nikaitikisa, nikabonyeza, nikavuta. Akanitazama kama mwalimu wa hesabu anavyomtazama mtoto aliyeandika jibu kabla ya swali kusomwa. Nilikuwa nabonyeza kwanza na kuvuta baadaye, kwa hiyo dawa nyingi ilikuwa ikiishia kwenye ulimi na mashavu. Kumbe unatoa hewa kwanza, unaanza kuvuta taratibu, unabonyeza wakati huohuo, unaendelea kuvuta mpaka kifua kijae, halafu unabana pumzi sekunde 10 hivi. Nimepanga foleni za kliniki tangu utotoni na kuandikiwa dawa hiyo mara zisizohesabika, lakini hakuna aliyewahi kuniambia niitumie mbele yake.

Basi tiba ya kwanza niliyopewa na mtaalamu wa yoga ilikuwa namna ya kutumia dawa ya hospitali. Hadi leo naona hapo ndipo alipoonyesha alichokwenda kusomea.

Wengi wetu tukisikia yoga tunaona picha moja: kijana mwembamba ufukweni, mguu mmoja nyuma ya shingo, jua linazama. Tiba ya yoga inatumia baadhi ya mikao hiyo, ikiwa imepunguzwa makali, lakini picha yake halisi ni mtu mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki, anainua mikono taratibu huku akivuta hewa na kuishusha huku akiitoa, na mbele yake kuna mtu anayemtazama kwa makini.

Historia yake ya kisasa inaanzia mjini Lonavla, milimani kati ya Mumbai na Pune. Wahindi wanaujua mji huo kwa chikki, ndugu wa damu wa kashata zetu za karanga. Huko ndiko Swami Kuvalayananda alikofungua taasisi ya Kaivalyadhama mwaka 1924. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jagannath Ganesh Gune, naye alikuwa na ugonjwa wa kutaka kupima kila kitu. Mwalimu wake, Madhavdas, alimfundisha lile zoezi la kulivuta tumbo ndani na kuizungusha misuli yake, ambalo wafuasi wa yoga walilisifu karne nyingi kwamba linasafisha matumbo. Gune akauliza: linasafishaje? Akawapeleka wafanya yoga kwenye eksirei, akaweka vipimo vya mgandamizo ndani ya utumbo mpana, akagundua kwamba misuli ile ikijitenga mgandamizo wa ndani hushuka chini ya ule wa hewa ya nje, na ndiyo maana maji yaliweza kufyonzwa kwenda juu. Hali hiyo akaipa jina la mwalimu wake. Mwaka huohuo wa 1924 akaanzisha jarida, Yoga Mimamsa, la kuchapisha matokeo ya maabara pamoja na mafunzo ya mikao. Wagonjwa wakaanza kumiminika, na Gandhi naye alikuwa miongoni mwa waliomwomba ushauri wa afya.

Unaweza kuyacheka baadhi ya majaribio ya wakati ule. Mimi siyacheki. India ilikuwa chini ya Mwingereza, na elimu ya wazee wake ilikuwa ikiitwa mazingaombwe. Gune angeweza kujifungia ndani na kusema mambo ya wahenga hayahojiwi, kama tunavyosikia sana huku kwetu kila mtu anapoulizwa kuhusu dawa ya babu yake. Yeye alichagua kuhoji.

Mkondo wa pili ulitoka kusini. Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa 1888 na kufariki 1989, alijulikana kwanza katika miaka ya 1930 kwa kuwafundisha vijana katika kasri la Maharaja wa Mysore. Yoga yake ya siku hizo ilikuwa ya kuruka na kubinuka, na kutoka mikononi mwake ndiko zilikotoka staili nyingi za jasho zinazouzwa leo duniani. Lakini baadaye alihamia Chennai, na huko mzee huyohuyo akawa anafundisha mtu mmoja mmoja, wengi wao wagonjwa. Hakumpa yeyote zoezi kabla ya kumshika mkono na kusikiliza mapigo ya damu.

Mwanawe, T.K.V. Desikachar, alikuwa amesomea uhandisi na hakuwa na haja na mambo ya baba. Mwenyewe alikuwa akisimulia kilichombadilisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gari lilisimama mbele ya nyumba yao, akashuka mwanamke wa Kizungu, akamrukia baba yake na kumkumbatia. Kumkumbatia Mbrahmini mzee, barabarani, mchana! Mwana akabaki mdomo wazi. Baadaye akaelezwa kwamba yule mama alikuwa haupati usingizi bila vidonge, na usiku uliotangulia alilala bila kidonge kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mhandisi akaomba kuwa mwanafunzi wa baba yake. Mwaka 1976 alifungua kituo cha Krishnamacharya Yoga Mandiram hapohapo Chennai, kwa msingi kwamba zoezi ndilo linalopaswa kumfuata mtu, si mtu kulifuata zoezi. Ni kama fundi cherehani: nguo ya dukani unaijaribu na kuirudisha, lakini fundi anakupima bega.

B.K.S. Iyengar, mwanafunzi mwingine na shemeji wa Krishnamacharya, alifika kwenye tiba kwa njia ya mwili wake mwenyewe. Alikuwa mtoto mgonjwagonjwa, akapitia malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Huko Pune, katika taasisi aliyoifungua 1975, alitumia viti, mikanda, magogo ya mbao na kamba za ukutani ili hata asiyeweza kuinama aegemee kitu na apate faida ya mkao. Mfuko wa mchele uliokaa tumboni mwangu ni mjukuu wa fikra hizo.

Turudi kwenye mchele. “Usisukume,” akasema yule dada. “Toa hewa tu, uiache iende zake. Ikiisha, ngoja. Mwili utaomba wenyewe.”

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukivuta hewa kiwambo hushuka, matumbo husogezwa mbele, na mchele unatakiwa upande. Mwenye pumu hulalamika kwamba hewa haiingii, kumbe kwa kiasi kikubwa shida ni kwamba ile iliyomo haitoki. Mirija imebana, mapafu yamejaa hewa iliyonaswa, kiwambo kimebanwa chini hakina pa kwenda, basi shingo na mabega huchukua kazi isiyo yao. Ukizoea hivyo utotoni, unaendelea hata siku ambazo mirija iko wazi. Ndiyo maana mazoezi niliyopewa yote yalikazia kutoa. Kuvuta kwa hesabu ya tatu, kutoa kwa hesabu ya sita. Kuna sababu nyingine pia: moyo huenda mbio kidogo unapovuta hewa na hupunguza mwendo unapoitoa, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Anayerefusha kutoa pumzi anauambia moyo uende taratibu.

Nilipokuwa nimelala pale nikakumbuka kwamba Kiswahili kimeshalisema jambo hili bila maabara. Pumua, pumzi, pumu, pumzika: mzizi ni mmoja. Kwetu sisi kupumzika si kulala wala kukaa. Ni kuipata pumzi yako. Mtu akikukaribisha kwake baada ya safari na kusema “pumzika kwanza,” amekuandikia dawa.

Dakika ya 12 hivi, nadhani, mchele ukaanza kupanda. Kidogo, kama mashua iliyofungwa pwani maji yanapojaa. Nilishtuka kuona nataka kulia, na sikuandika chochote kwenye daftari kuhusu hilo hadi nilipofika nyumbani.

Alipomaliza na mgonjwa ndipo akakubali kuongea na mwandishi. Nilimuuliza kama haya yana ushahidi au ni maneno matamu. Akanitajia utafiti ambao kila mwanafunzi wa Bengaluru anaujua. Mwaka 1985, jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha kazi ya daktari R. Nagarathna na H.R. Nagendra, mhandisi aliyewahi kufanya utafiti katika shirika la anga za juu la Marekani, NASA, kabla ya kurudi India kujenga kituo ambacho leo ni chuo kikuu cha S-VYASA. Walichukua wagonjwa 53 wa pumu, wakawafundisha kwa wiki mbili na kuwataka wafanye mazoezi dakika 65 kila siku, kisha wakawalinganisha na wengine 53 walioendelea na dawa zao tu. Kundi la yoga lilipata mashambulizi machache zaidi, lilitumia dawa kidogo zaidi na lilipuliza kwa nguvu zaidi kwenye kipimo cha pumzi.

Habari tamu. Lakini ni lazima niongeze ya pili, isiyo tamu sana: mwaka 2016 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 15 yenye jumla ya wagonjwa 1,048 wa pumu, wakahitimisha kwamba huenda yoga inaleta nafuu ndogo katika dalili na katika maisha ya kila siku ya mgonjwa. Nafuu ndogo, basi. Kwa maumivu sugu ya kiuno hadithi inafanana. Jaribio la Marekani la 2011, lenye watu 228, liliona yoga inasaidia, ila si zaidi ya darasa la kawaida la kunyoosha viungo. Jingine la 2017, lenye watu 320, likaona haipitwi na tiba ya viungo ya hospitali. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliiweka yoga kwenye orodha ya vitu vya kujaribu kwa maumivu hayo kabla ya kukimbilia vidonge.

Nilipomsomea takwimu hizo dada hakuonekana kukerwa. “Nafuu ndogo kwa mtu anayeamka mara tatu usiku si ndogo,” akasema. “Lakini usiandike kwamba naponya pumu. Ukiandika hivyo, ndugu yangu, mwisho wa urafiki.”

Anajua anachokiogopa. Baba Ramdev, mwalimu wa yoga aliyewafanya mamilioni ya Wahindi wakae mbele ya televisheni alfajiri wakipampu tumbo, ana kampuni ya bidhaa iitwayo Patanjali Ayurved. Februari 2024, Mahakama ya Juu ya India iliipiga marufuku kampuni hiyo kutangaza dawa zake kuwa tiba ya magonjwa kadhaa, na Aprili wahusika wakachapisha maombi ya radhi magazetini. Mgonjwa wa pumu anayetupa inhela yake kwa sababu ya tangazo anaweza asiione asubuhi.

Kuhusu masomo yenyewe, wanaodhani ni kozi ya wikendi ya kujikunja watashangaa. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba ya yoga, IAYT, kilichoanzishwa 1989, kinadai saa 800 za mafunzo, tena juu ya zile 200 za ualimu wa kawaida wa yoga. Nchini India kuna shahada kamili ya tiba asilia na yoga, miaka minne na nusu darasani na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi. Tofauti hii ya kina imeleta mgogoro: mwaka 2016 Yoga Alliance, chama kikubwa cha walimu nchini Marekani, kiliwakataza wanachama wake kujitangaza kuwa wanatoa tiba kwa kutegemea cheti chake tu.

Ndani ya saa hizo, alivyonieleza dada, kuna mifupa na neva, kuna majina ya dawa na madhara yake, kuna maadili, na kuna somo gumu kuliko yote: kunyamaza mgonjwa anapoongea. Kuna pia falsafa. Upanishadi ya Taittiriya, andiko la kale la India, inamweleza binadamu kuwa na matabaka matano, moja ndani ya jingine: mwili unaolishwa na chakula, kisha pumzi, kisha akili yenye hisia, kisha utambuzi, na ndani kabisa furaha. Mwanafunzi hufundishwa kumkagua mgonjwa tabaka kwa tabaka, kwa sababu ugonjwa unaweza kuingilia mlango mmoja na kukaa chumba kingine. Ndipo nilipoelewa maswali ya mkaa na chakula cha usiku. Nilimwambia kwamba sisi tukikutana huulizana “U mzima?”, na mzima ni mtu asiyeumwa, tena ni kitu kisichomeguka. Akacheka, akasema mwalimu wake wa Bengaluru angempa mtu pesa apate neno kama hilo.

Somo lililomchosha kuliko yote, anasema, lilikuwa la “hapana.” Mwenye glaukoma asibinuliwe kichwa chini, kwa sababu mgandamizo ndani ya jicho hupanda. Bibi mwenye mifupa iliyopungua nguvu asiinamishwe mgongo kwa nguvu kugusa vidole vya miguu. Pingili zinaweza kupasuka bila yeye kuanguka. Mjamzito na mwenye presha ya juu wasipewe pumzi za kupampu kwa kasi. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa mgonjwa halisi mwenye maumivu ya kifua, na jibu sahihi lilikuwa kutomfanyisha zoezi lolote na kumpeleka kwa daktari mara moja. Wanafunzi kadhaa walifeli.

Je, ni dini? Swali hili siwezi kulikwepa katika mji ambao msikiti na kanisa viko mtaa mmoja. Yoga imezaliwa ndani ya imani za India, na anayesema haina uhusiano wowote nazo anaficha. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye nyimbo na ibada zake. Lakini Novemba 2017 Saudi Arabia iliikubali kama mchezo, na aliyesukuma jambo hilo miaka mingi ni Nouf Marwaai, mwanamke wa Kisaudia aliyeishi na ugonjwa wa lupus na anayesema yoga ilimsaidia kusimama. Mwaka uliofuata India ikamtunuku nishani ya Padma Shri. Chumba cha Upanga hakina sanamu wala ubani. Wagonjwa wengine huhesabu pumzi kwa tasbihi, mmoja kwa rozari, na mimi kwa vidole.

Zoezi la mwisho nililopewa ni kuvuma kama nyuki: midomo imefungwa, unatoa hewa kwa sauti ya “mmm” hadi iishe. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walipima na kukuta kwamba kuvuma huongeza mara 15 gesi ya oksidi ya nitriki inayotoka puani, ukilinganisha na kutoa hewa kimyakimya. Gesi hiyo hutanua mishipa ya damu. Inasaidia kiasi gani kwenye pumu, sitathubutu kusema. Ninachojua ni kwamba huwezi kuvuma bila kurefusha kutoa pumzi, na huwezi kuvuma huku umekasirika.

Niliyafanya mazoezi hayo nyumbani wiki sita. Usiku mmoja wa Julai, baridi ya kusi ikiingia dirishani, kifua kiliniamsha saa tisa. Nikakaa kitandani, nikatikisa inhela, nikatoa hewa, nikavuta na kubonyeza kwa pamoja, nikabana. Nikangoja, nikarudia. Kilipoanza kufunguka nikalala chali, nikachukua mfuko wangu wa mchele chini ya kitanda, nikauweka mahali pake, nikaanza kuvuma polepole.

Mlango ukafunguliwa. Mama, aliyekuja kututembelea, alikuwa kasimama na kanga yake begani. Yeye ndiye aliyenifukiza chini ya blanketi nikiwa mdogo, akanikanda mgongo usiku kucha na kuninywesha tangawizi hadi nikaichukia. Alinitazama, akautazama mfuko.

“Mwanangu, ni kifua?”

“Ndiyo mama. Nimeshavuta dawa, kinaachia.”

Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono juu ya mfuko, akauacha upande na kushuka nao mara kadhaa.

“Na huu ndio mchele niliokuwa nautafuta tangu Ijumaa,” akasema.